Shajara ya mradi: mtepe ukizama huacha nini?

Septemba 2023. Kwa nini tunashona mbao

Ukiuliza habari za meli zilizozama pwani yetu, utatajiwa zilezile. Mombasa, chini ya Fort Jesus, iko Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyojengwa Bassein, India, mwaka 1681 na kuzama 1697 wakati Waomani wameizingira ngome. Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa INA, taasisi ya akiolojia ya baharini ya Marekani, waliichimbua kati ya 1977 na 1980. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, iko nyingine ya Wareno, ya karne ya 16, iliyokutwa na shehena ya shaba na pembe za ndovu. Zote mbili ni za wageni.

Na vyombo vyetu je? Periplus, kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii. Mitepe, yaani vyombo vya mbao zilizoshonwa kwa kamba badala ya misumari, iliendelea kujengwa visiwa vya Lamu mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Mafundi wameshona kwa karibu miaka elfu mbili, bahari imemeza vyombo visivyohesabika, na hakuna mtepe hata mmoja ulioopolewa.

Jibu la haraka ni kwamba mbao zimeliwa zikaisha. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia tunatafuta pasipo penyewe, au tunapita juu ya masalio bila kuyatambua. Hapo ndipo mradi huu unapoingia: tunashona vibao kwa namna ya mtepe, tunavizamisha karibu na nyumbani, kisha tunaangalia nini kinaisha kwanza na nini kinabaki. Kuzamia kwa mitungi ya hewa hakutuhusu, kwa kuwa hatuna fedha hiyo. Kila kitu kinawekwa pale ambapo maji ya bamvua, maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, yakitoka, mtu mwenye miwani ya kuzamia anafika.

Kikosi ni mimi, fundi wa majahazi wa Matondoni, Lamu, ambaye siku hizi anatengeneza zaidi kuliko kujenga, na vijana wavuvi wawili. Mahali penyewe sitapaandika hapa, na sababu itaonekana mbele.

28 Oktoba 2023. Mbao, usumba na ruhusa

Mbao ni za aina mbili. Mwembe, kwa sababu unapatikana na ngalawa nyingi huchongwa humo: KSh 2,600. Mbambakofi, masalio kutoka karakana, KSh 4,000, nayo nilishupalia. Merikebu ya karne ya 9 iliyogunduliwa 1998 karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, ilishonwa bila msumari, na sehemu kubwa ya mbao zake ilikuwa Afzelia ya Afrika, jamii moja na mbambakofi wetu. Waomani walipojenga mfano wake wa mita 18, Jewel of Muscat, wakausafirisha kutoka Muscat hadi Singapore mwaka 2010, mbao waliziagiza Ghana. Kwa hiyo mbambakofi haukuwa anasa.

Kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, ndiyo iliyotuchelewesha. Tulianza na ya dukani, ya nazi, rangi nzuri, KSh 1,900. Ukiikaza kidogo inavutika, ukiikaza sana inakatika. Tukampelekea mama mmoja anayesokota kamba hapo kijijini. Akaifumua kipande, akainusa, akaturudishia.

“Wanangu, makumbi haya hayakufukiwa. Usumba usionuka ni wa kufungia kuku.”

Yake hufukiwa kwenye tope la hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, yakawekewa mawe juu, yakaachwa miezi mpaka nyama ya kumbi ioze na nyuzi zibaki. Kisha hupondwa, huoshwa, husokotwa juu ya paja. Tulinunua kwake kwa KSh 2,400, na tofauti unaiona kwa vidole: nyuzi ndefu, hazikatiki ovyo, na zikilowa zinakaza badala ya kulegea. Ukitaka kuiga kazi hii na huna msokotaji jirani, fukia makumbi yako nusu mwaka kabla ya kununua ubao wa kwanza.

Ruhusa: tulikwenda kwa chifu na kwa BMU, kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo, tukawaarifu watu wa makumbusho. Masharti tuliyojiwekea ni mawili. Hatukaribii mahali popote panapojulikana kuwa na vitu vya kale. Na kila tunachozamisha kina alama: mbao zimechomwa kwa chuma cha moto neno JARIBIO na mwaka, na vyungu viliandikwa vivyo hivyo kabla ya kuingia tanuri. Sitaki mtaalamu wa mwaka 2300 aandike makala ndefu juu ya chungu cha KSh 200.

2 Desemba 2023. Kushona

Kila kibao ni mbao mbili za sentimita 60 kwa 15, unene sentimita mbili na nusu, zimeunganishwa ubavu kwa ubavu. Vibao tisa kwa jumla: kwa kila mahali kimoja cha mwembe wa kushonwa, kimoja cha mbambakofi wa kushonwa, na kimoja cha mwembe wa misumari ya chuma ili tulinganishe.

Nafasi kati ya tundu na tundu ni sentimita 5 hadi 6, kama katika ile merikebu ya Belitung. Umbali wa tundu kutoka ukingoni ndio uliotusumbua. Sentimita moja na nusu ilionekana ya kutosha, mpaka kamba ilipokazwa na ukingo wa mwembe ukapasuka toka tundu la kwanza hadi la nne. Sentimita tatu imekaa vizuri. Dreli ya umeme ilitoboa mwembe bila shida, ikavunja ncha kwenye mbambakofi (KSh 700 zimekwenda). Fundi akainuka bila kusema neno, akarudi na keekee ya marehemu babake, akamaliza mbambakofi wote kwa upinde na kamba. Polepole, lakini hakuna kilichovunjika.

Tatizo kubwa: unakaza mshono wa pili, wa kwanza umelegea. Tulijaribu watu wawili, mmoja kila upande; tukajaribu kuzungusha kamba kwenye kijiti na kuipindua kama wenzo. Ilikaza kweli, ila ukiachia tu inarudi. Dawa ni kigingi cha muda. Ukishavuta kamba, piga kigingi chembamba ndani ya tundu kibane kamba hapohapo, ndipo uhamie tundu linalofuata. Ukifika mwisho unarudi unang'oa vigingi vya muda kimoja kimoja na kuweka vya kudumu, vya mkandaa, aina ya mkoko, pamoja na nyuzi za usumba pembeni. Toka hapo kazi ilikwenda.

Chini ya mishono, juu ya kiungo chenyewe, kuna mkanda wa usumba mnene kama kidole gumba unaobanwa na kamba. Usiupunguze ili kuokoa nyuzi. Kibao tulichofanya chembamba kilivuja mara kilipomwagiwa maji.

Vibao vilipokamilika fundi alikiweka kimoja juu ya magogo mawili akasimama katikati. Kiungo kilipinda, kikarudi. Cha misumari kililia. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba vyombo vya Wahindi na Wayemeni hushonwa kwa sababu bahari ile ina miamba mingi. Cha misumari kikigonga huvunjika, cha kamba kina ulaini fulani. Nilikuwa nimeisoma habari hiyo mara nyingi. Kuisikia chini ya nyayo za mzee wa kilo themanini ni habari nyingine.

Mwisho, deheni: chokaa na shahamu ya ng'ombe, KSh 1,100, nusu moja ya kila kibao imepakwa na nusu haikupakwa. Mchanganyiko wa kwanza ulikuwa na chokaa nyingi, ukakauka ukapasuka kama udongo wa kiangazi. Sehemu moja ya chokaa kwa mbili za shahamu, ikiwa bado vuguvugu, ikapakwa kwa mkono, ndiyo iliyoshika.

13 Januari 2024. Kuzamisha

Mahali patatu. Tope ndani ya hori, mbele ya mikoko: vibao vimesimamishwa, nusu ndani ya tope, nusu majini. Mchanga kwenye mdomo wa mkondo: vimelazwa, vimegandamizwa kwa mawe. Mwamba wa nje: vimefungwa. Kila mahali tumeacha pia vyungu viwili na rundo dogo la mawe, mfano wa farumi, uzito unaowekwa chini ya chombo kisiyumbe.

Chelezo cha chupa za plastiki kimefungwa kila mahali. Simu imechukua GPS. Boti na mafuta KSh 1,500 kwa kila safari, miwani ya kuzamia KSh 3,600.

25 Februari 2024. Vyelezo vimekwenda

Hakuna chelezo hata kimoja. Viwili vimekatwa kwa kisu, cha tatu kimenaswa na jarife, wavu mkubwa, na kibao cha mchangani kimeburutwa nalo. Mwenye jarife hana kosa. Anaona chupa inaelea, ataweka nyavu zake kama kawaida. Na mwenye kisu alidhani kuna kitu cha thamani chini yake. Ndiyo sababu ya kuficha mahali.

GPS ya simu ilitupeleka jirani, na jirani haitoshi kwenye maji ya hori ambamo huoni mkono wako. Vijana wakacheka. Wao hurudi kwenye tengo lao la kuvulia kwa kulinganisha alama za nchi kavu: mnazi ule mmoja ukifunikwa na kona ya ukuta, na kwa upande wa pili mlingoti wa simu ukikaa juu ya pengo la mikoko, hapo ndipo. Toka siku hiyo hatuweki chelezo. Tunaandika alama mbili za pande mbili kwa kila mahali, na picha yake. Haina gharama na haiibiwi.

Kosa la mpango, ambalo mwenye kuiga aliepuke: tuling'oa kibao kizima cha topeni ili tukikague, kisha tukakirudisha. Tope lililokizunguka lilikuwa jeusi, linanuka kibiriti, yaani halina hewa. Tulipolitibua maji yenye hewa yakaingia hadi chini. Kibao kile hakina maana tena kama kipimo. Sasa tumepanda vipande vidogo vya mbao zilezile, vilivyotobolewa na kushonwa vilevile, kando ya vibao vikuu. Kila ukaguzi tunachukua kipande kimoja na hakirudi. Vibao vyenyewe haviguswi. Kile kilichotibuliwa fundi alikifanya upya.

Kipande cha kamba ya mkonge tulichoongeza kwa udadisi kimeoza tayari. Usumba haujabadilika hata rangi.

22 Juni 2024. Msumeno

Ramadhani, kisha mvua za masika, kisha pepo za kusi. Mwamba wa nje haufikiki kwa bahari hii. Hori linafikika.

Kipande cha mwembe cha mchangani, upande usio na deheni, kilitoka kikiwa kizima. Ukikitazama juu huoni zaidi ya vitundu vidogo kama vilivyochomwa kwa sindano. Uzito wake ndio uliotushtua, chepesi mno. Fundi akakiweka kwenye msumeno, meno hayakupata upinzani, na ndani hakukuwa na ubao bali mifereji iliyopishana, kila mmoja umepakwa ndani chokaa nyeupe nyembamba. Kwenye mfereji mmoja mwenyewe alikuwemo bado: mwili laini wa kijivu, mrefu kuliko kidole, na kichwani magamba mawili madogo yenye makali, ndiyo anayotobolea. Anaitwa mnyoo wa mbao lakini ni ndugu wa chaza. Huingia akiwa mdogo kama punje ya mchanga, kisha hukua humohumo na hatoki.

Nusu yenye deheni imesalimika, isipokuwa pale jiwe lilipokwangua. Wameingia kwa mkwaruzo huo na kusambaa nyuma ya deheni nzima. Mabaharia wetu waliokuwa wakiegesha chombo, wakakichoma kwa makuti na kukipaka upya kila msimu, hawakuwa wakifanya hivyo kwa urembo.

Sasa tope. Kipande kilichosimama nusu kwa nusu kimeliwa juu, na ulaji unakoma kwenye mstari wa tope kana kwamba mtu alichora kwa rula. Chini ya mstari ubao ni mweusi, mzito, na neno JARIBIO linasomeka. Mnyoo yule anahitaji maji yenye oksijeni. Ndani ya tope jeusi hana cha kuvuta.

19 Oktoba 2024. Mwembe umekwisha, mshono upo

Bahari ya matlai, upepo wa mashariki, maji safi, tumefika kote.

Mwamba wa nje: mwembe haupo. Mbambakofi umebaki robo, umechimbwa pande zote. Vyungu vimevunjwa na mawimbi, na vipande vimeanza kushikwa na matumbawe. Mawe ya farumi yamekuwa mawe tu katikati ya mawe. Kama ningekuwa mzamiaji mgeni ningepita juu yake nikitafuta mizinga.

Kibao cha misumari cha mwamba huohuo kinaonekana mara moja. Kutu imetoka kwenye misumari, ikashika mchanga na magamba ya kombe, ikawa mabonge magumu, na ndani ya kila bonge kuna kipande cha ubao kilichonywa kutu na kuachwa na wadudu. Yaani chuma kinajihifadhia ushahidi, na tena kinasikika kwa vifaa vya kupima sumaku vinavyokokotwa nyuma ya boti. Mtepe hauna hata kimoja kati ya hayo. Kwa maoni yangu hapo pana nusu ya sababu ya orodha yetu ya meli zilizozama kujaa Wareno.

Mchangani ndiko tulikokuta nisichokitarajia. Mwembe umekwisha, lakini mkanda wa usumba umebaki umelala mchangani kwa urefu wote wa kiungo, na mishono ingali imeukumbatia kwa nafasi zilezile za sentimita tano na sita, ikishikilia hewa. Vigingi vya mkandaa vimebaki vipisi tu. Mnyoo wa mbao hula mbao, usumba hautaki. Tulipiga picha, tukaweka rula, tukarudisha mchanga juu. Ukiuinua unafumuka mkononi, na kijana mmoja alishauthibitisha hilo kabla sijasema.

Kwa hiyo kuna alama ya kutafuta: mstari wa nyuzi wenye mafundo ya nafasi sawa. Mwaka mmoja haujaisha na miaka mia tano ni kitu kingine, hilo najua. Lakini sijaona maelekezo yoyote ya wapimaji yanayowaambia waangalie nyuzi.

14 Januari 2025. Mwaka mmoja

Kipande cha mbambakofi kutoka topeni, sehemu ya chini ya mstari, hakina tundu hata moja. Cha mwembe vilevile, isipokuwa ubavu mmoja ambako kaa wa mikoko amechimba shimo lake kandokando ya ubao. Maji yameshuka kwa njia yake, na ubao umepauka na kulainika kufuata shimo hilo, sentimita kumi na kitu chini ya mstari wa tope. Mwakani tutaweka vipande mbali na mizizi, penye kaa wachache, tuone kama tofauti inashika.

Nikiweka matokeo pamoja, mwamba wa nje, ambako watu hupenda kuzamia kwa sababu maji ni safi na samaki wa kuangalia wapo, ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kutafuta mtepe. Penye matumaini ni pale pasipopendwa: mahori yaliyojaa tope, bandari za kale zilizofukiwa, mbele ya miji ya kisiwa cha Pate kama Pate, Siyu na Faza ambako siku hizi chombo husubiri maji yajae ndipo kiingie. Chombo kilichozeeka kikaachwa ubavuni mwa mikoko kina nafasi nzuri ya kudumu kuliko kilichovunjika mwambani na shehena yake. Utafutaji wa namna hiyo hautaki boti kubwa. Unataka fimbo ndefu ya chuma ya kupima tope, subira, na kibali, kwa sababu kuchoma fimbo kwenye mji wa kale bila makumbusho kujua ni uharibifu hata kama nia ni njema. Mkataba wa UNESCO wa 2001 nao unasema kwanza fikiria kukiacha kitu kilipo. Kwa ubao wa mtepe ningesema hivyo hata bila mkataba. Tumeona kinachotokea tope likitibuliwa.

Gharama mpaka leo ni KSh 45,150. Boti na mafuta vimekula 13,500, fundi 8,000, chai na chakula 5,200. Mbao zote mbili 6,600 tu. Anayekaa karibu na hori na ana mtumbwi wake anaweza kuifanya kwa chini ya elfu thelathini, akiruka kamba ya dukani.

Hatua inayofuata: barua ya kuomba kibali cha fimbo imeandikwa, haijajibiwa. Wakati tunasubiri, mama wa kamba amefukia makumbi mengine kwa ajili yetu, na fundi anataka kibao kikubwa chenye taruma, yaani mbavu za ndani za chombo, aone kama mishono ya taruma inadumu kama ya mbao. Vipande vya topeni vitakaguliwa tena kwenye bamvua baada ya kusi.